Matarumbeta Yaliyopelekwa Ruhembe

Kwa miaka tisa Bibiana hakuweza kuvumilia sauti ya kinanda. Kikilia redioni, alizima. Kikilia kwa jirani, aliingia ndani akafunga mlango, kana kwamba sauti ile ingemfuata na kumnyang'anya mtoto mwingine.

Wa kwanza ilikwishamchukua. Mwaka ule binti yake mkubwa, Monica, aliolewa Kilosa mjini. Melkizedek, mume wa Bibiana, alikwenda harusini na suti yake moja aliyokuwa nayo, na nyuma yake waumini thelathini wa kanisa lao dogo la Zombo. Kanisa lao ni la kuimba kwa midomo mitupu. Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna kinanda, kwa sababu Agano Jipya, kama Melkizedek anavyolifundisha kila Jumapili, limewaagiza Wakristo waimbe, halikuwaagiza wapige. Wazazi wa bwana harusi walikuwa wameahidi kuliheshimu hilo. Lakini wakati wa kuwabariki maharusi, mpiga kinanda, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia, akaanza kubonyeza taratibu chini ya sala. Melkizedek akainuka. Hakusema neno. Akachukua kofia yake, akatembea katikati ya kanisa mpaka mlangoni, na wale thelathini wakainuka nyuma yake benchi kwa benchi. Monica alikuwa amepiga magoti. Aligeuka akaona upande wa kwao umebaki mtupu, na mama yake ndiye wa mwisho kutoka.

Tangu siku hiyo Monica hakukanyaga tena Zombo. Baba yake hakumlaani wala hakumkataza, hakumtaja tu. Melkizedek si mtu wa ukali. Katika miaka thelathini na mbili ya ndoa hakuwahi kumwinulia mkewe mkono wala sauti. Akikasirika hunyamaza, na kimya chake kinaweza kukaa ndani ya nyumba mwezi mzima, mkala nacho, mkalala nacho. Bibiana alikiogopa kimya hicho kuliko fimbo.

Sasa ilikuwa zamu ya Lightness, binti wa mwisho, na mchumba wake alikuwa Stefano wa Mikumi, mtoto wa Waanglikana. Miezi miwili kabla ya harusi wazee wa pande zote mbili walikaa sebuleni kwa Yared, baba yake Stefano. Yared alikuwa mwalimu mstaafu, mtu asiyependa kuachia hoja njiani.

"Daudi alipiga kinubi," Yared alisema. "Na Zaburi ya mwisho inataja mpaka matoazi."

"Daudi alichinja na kondoo madhabahuni," Melkizedek akajibu kwa upole. "Mbona ninyi hamchinji?"

Watu wakacheka. Yared akasogeza kiti mbele.

"Haya, kanisani nimekuelewa. Lakini tukishatoka kanisani, watu wako ukumbini wanakula pilau. Hiyo nayo ni ibada?"

"Mkiimba kumsifu Mungu ni ibada, hata kama pilau iko mdomoni."

"Na zikipigwa nyimbo za dunia?"

"Hapo sina andiko, mkwe. Nitaziba masikio tu."

Wakacheka tena, wote isipokuwa Bibiana aliyekuwa amekaa na akina mama karibu na mlango. Kikao kikaisha vizuri. Kasisi Nikolaus alikubali kwaya iimbe bila kinanda kwa siku hiyo moja, na ukumbini spika zingetumika kwa hotuba tu. Melkizedek akampa Yared mkono, akasema, "Basi nitakuja, na nitakaa mpaka mwisho." Bibiana alipompigia Monica simu Morogoro, alikohamia na mumewe, kumweleza, Monica akasema, "Kama baba atakaa, na mimi nitakuja."

Kwa hiyo Bibiana aliingia Mikumi Ijumaa akiwa na mabinti wawili kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, na usiku huo hakupata usingizi. Hakuna kitu kibaya kilichokuwa kimetokea. Aliogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Asubuhi ya harusi, saa tatu na nusu, alikuwa uani kwenye nyumba waliyopewa kufikia, karibu na kanisa. Scholastica, dada yake Yared, alikuwa ameinamia karai la mafuta akiwachomea wageni maandazi. Alikuwa mwanamke mkubwa, mchangamfu, asiyeweza kukaa na siri kifuani.

"Mkwe," akasema bila kuinua macho, "nikuambie kitu, lakini usimwambie mtu. Hata kaka Yared hajui. Nimeita matarumbeta kutoka Kilosa. Watu saba, na pikapu yao. Maharusi wakitoka tu kanisani, wanapokelewa mlangoni."

Bibiana akamsogelea. "Mkwe, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kanisani. Mlangoni ni barabara ya serikali." Scholastica akacheka mwenyewe. "Na watapiga tenzi, si miziki ya baa. Mzee wako akizisikia atafurahi mwenyewe. Mtoto wa kaka yangu aoe na atoke kanisani kimya kama anatoka msibani? Haiwezekani."

Bibiana alilishika neno moja. Tenzi. Hilo ndilo lingekuwa baya zaidi. Zingekuwa nyimbo za dunia, Melkizedek angeziba masikio kama alivyoahidi. Tenzi kwa tarumbeta ilikuwa ibada, na ibada ya namna ile kwake ilikuwa moto wa kigeni, ule waliouleta wana wa Haruni wakafa mbele za Bwana. Alimwona mumewe akichukua kofia. Alimwona Lightness na shela lake mlangoni. Akimwambia mumewe sasa, asingekwenda kanisani kabisa. Akimwambia Yared, kaka na dada wangegombana asubuhi ya harusi. Akawa anageuza mambo hayo kichwani kama mtu anayetafuta funguo ndani ya nyumba inayoungua.

Simu ya Scholastica ikaita juu ya kiti.

"Nipokelee, mkwe, mikono ina mafuta. Atakuwa Thadeo, kiongozi wao. Mwelekeze tu kanisani."

Bibiana akaichukua, akasogea pembeni pasipo na kelele.

"Shikamoo mama," sauti ya mwanamume ikasema. "Tumeshafika hapa njia panda Mikumi. Tunaelekea wapi?"

"Marahaba." Bibiana alisikia kinywa chake kikisema, "Harusi imehamia Ruhembe. Shikeni barabara ya Kidodi. Mkifika Ruhembe ulizeni kanisa."

"Ruhembe? Mama Scholastica alituambia Mikumi."

"Imehamia, baba. Nendeni tu."

"Sawa mama. Tusichelewe basi."

Akakata. Kidole chake kikaendelea kubonyeza kitufe cha pembeni mpaka kioo kikawa cheusi, kisha akaifunika simu kwa kitenge kilichokuwa juu ya kiti. Alijiambia ni saa moja tu, saa moja na nusu. Wakienda, wakiuliza, wakigundua wamepotea, wakirudi, maharusi watakuwa wameshatoka kanisani.

"Wamefika?" Scholastica akauliza.

"Wanakuja," akasema Bibiana.

Ibada ilianza saa nne. Kanisa lilijaa. Melkizedek alikaa benchi la mbele, kofia juu ya goti, na kwaya ilipoanza kuimba bila kinanda, sauti nne zikipokezana, alifumba macho akaanza kuimba nao besi. Bibiana alikuwa hajamsikia akiimba namna hiyo kwenye kanisa la watu wengine. Nyuma kabisa, karibu na nguzo, alikuwa amekaa Monica na gauni la kijani. Kila kitu kilikuwa kama alivyokiomba kwa Mungu, na Bibiana alikuwa ameloa jasho.

Masikio yake yalikuwa barabarani. Kila gari lililopita alilisikiliza. Alihesabu: sasa wameshafika Ruhembe, sasa wanauliza, sasa wanageuza. Scholastica alitoka mara ya kwanza, akarudi ameshika simu iliyokuwa inawaka upya, akiwa amekunja uso. Akatoka mara ya pili. Wakati Lightness anavishwa pete, alirudi tena, safari hii akitembea haraka, akajibana kwenye benchi karibu na Bibiana.

"Mkwe," akamnong'oneza, na pumzi yake ilikuwa ya moto sikioni. "Kuna pikapu imepinduka kwenye ule mteremko wa njia ya Ruhembe. Walikuwa wanakwepa trekta la miwa. Wanasema ni watu wa matarumbeta. Wanasema mmoja amekufa."

Bibiana alitazama mlango.

"Walifuata nini Ruhembe?" Scholastica akauliza. "Si uliwaelekeza kanisani?"

Kasisi alikuwa anawaambia maharusi wageukie watu. Makofi yakapigwa, vigelegele vikapanda, na Bibiana akajikuta amesimama na wengine, mikono yake ikipiga makofi bila yeye. Mmoja amekufa. Hakuijua hata sura yake. Alijua tu sauti ya yule aliyesema shikamoo mama, tusichelewe basi. Kama ni huyo, basi neno lake la mwisho kwa watu wa harusi lilikuwa la heshima, na alilopewa lilikuwa la uongo.

Maharusi walitoka kwa vigelegele na nyimbo za kwaya. Hakuna tarumbeta lililolia. Bibiana alipenya katikati ya watu, akaenda nyuma ya kanisa penye tenki la maji, akatapika. Alipoinua kichwa, Monica alikuwa amesimama pale.

"Mama, unaumwa?"

Akamwambia. Alimwambia yote, kuanzia karai la maandazi, kwa maneno machache yaliyotoka ovyo. Monica alisikiliza huku akimshika mkono, na taratibu mkono ule ukalegea.

"Umeizima na simu?" Monica akauliza.

"Niliizima."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nataka kumwambia baba yako."

"Usimwambie leo." Monica akasema haraka, na Bibiana akaona kwamba binti yake, mwanamke wa miaka thelathini na moja mwenye watoto wawili, alikuwa ameshika kitenge chake kama mtoto mdogo. "Mama, nakuomba. Ukimwambia ataondoka. Mwache Lightness amalize siku yake. Kesho utamwambia."

"Kuna mtu amelala huko."

"Najua."

"Kama amekufa nimemuua mimi."

Bibiana akajipangusa mdomo kwa upindo wa kitenge, akarudi mbele ya kanisa. Melkizedek alikuwa amesimama kivulini na Yared, akicheka jambo fulani, na bega lake lilikuwa limelegea kama la mtu aliyetua mzigo. Umbali wa hatua kumi ulimchukua Bibiana muda mrefu kuumaliza. Alimvuta pembeni kwa mkono wa koti, akamweleza kwa lugha ya kwao, ili watu wa Mikumi wasielewe. Hakumtazama usoni. Alitazama kifungo cha pili cha koti.

Alipomaliza, kile kimya kikaja. Alikijua. Akasubiri kimfunike.

Melkizedek akavaa kofia.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Hospitali. Si ndiko watakakowapeleka?"

"Na sherehe?"

"Twende, Bibiana."

Wakatembea kuelekea barabarani, na hapo likatokea lile ambalo Bibiana alikuwa amedanganya ili lisitokee. Gari la maharusi, lenye utepe mweupe, lilikuwa linaanza kuondoka. Nyuma ya kioo Lightness aliinua uso, akamwona baba yake amevaa kofia, amewapa watu mgongo, anaondoka. Mdomo wake ukafunguka. Bibiana aliinua mkono kumwashiria kwamba sivyo, lakini mkono wa kuashiria sivyo unafanana na mkono wa kuaga. Honi zikalia, gari likakata kona.

Bajaji waliyoisimamisha ilikuwa na nafasi ya watu watatu nyuma, na kabla haijaondoka Monica akaja mbio na viatu mkononi, akaingia bila kuuliza. Alikaa katikati. Bega lake liliegemea bega la baba yake kwa sababu hapakuwa na namna nyingine.

Nje ya chumba cha majeruhi, kwenye benchi refu, walikaa wanaume watano waliovaa mashati ya njano yanayofanana, yamechafuka vumbi na damu. Mmoja alikuwa amefungwa bandeji mkononi, mwingine alikuwa ameshikilia tarumbeta lililobonyea kama kopo lililokanyagwa. Bibiana aliwahesabu mara mbili. Watano.

"Wengine wako wapi?" akauliza.

Mwanamume mrefu mwenye mdomo uliopasuka akainuka. "Shikamoo mama. Mmoja anapigwa picha ya mguu. Bonifas, mpiga ngoma kubwa, yuko ndani. Aliangukia kichwa. Hajazinduka bado." Ilikuwa sauti ile ile ya kwenye simu, ya Thadeo, ila sasa maneno yalikuwa yanapita kwenye uvimbe. "Ninyi ni watu wa harusi ya Ruhembe?"

"Hakuna aliyekufa?"

"Mpaka sasa hakuna."

Bibiana alishika ukuta. "Hakuna harusi Ruhembe," akasema. "Harusi ilikuwa hapa hapa Mikumi. Mimi ndiye niliyepokea simu. Niliwadanganya."

Wale watano wakamtazama. Thadeo hakupandisha sauti.

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, mama? Matarumbeta?"

Melkizedek alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Bibiana angeweza kusema aliogopa fujo, aliogopa wakwe kugombana. Maneno hayo yalikuwepo, tayari. Lakini mlangoni pale, na mtu amelala ndani bila fahamu, hakuweza kuongeza uongo juu ya uongo.

"Nilimwogopa mume wangu," akasema. "Ni huyu hapa. Kwetu hatupigi vyombo. Angesikia, angeondoka, na mtoto wangu angebaki bila baba kama dada yake alivyobaki. Huyu hapa dada yake. Siku ile hata mimi nilitoka. Nilitaka kubaki na mwanangu kwenye benchi nikashindwa, kwa woga."

Hakugeuka. Alisubiri hatua za viatu zikielekea nje. Alisikia kitu kingine: benchi likilia, kama mtu mzito amejibwaga. Melkizedek alikuwa amekaa katikati ya wapiga matarumbeta, ameshika kofia kwa mikono miwili.

Kisha akainua uso kumtazama Monica, mara ya kwanza kwa miaka tisa.

"Na wewe unaniogopa?"

"Nilipokuja leo nilikaa karibu na mlango, baba. Ili ukianza kuinuka, nitoke kabla yako. Nisikuone tena ukipita."



Muuguzi akatokea mlangoni akaomba mtu mmoja mwenye nguvu. Thadeo akataka kwenda, akayumba. Melkizedek akainuka akaingia. Bibiana alimfuata mpaka kizingitini, akaona mwanamume mnene wa makamo kitandani, kichwa kimezungushiwa bandeji, macho yamefumbwa nusu, mikono mikubwa imetulia juu ya shuka. Muuguzi alieleza namna ya kumgeuza ubavu bila kumtingisha shingo. Melkizedek akavua kofia, akaiweka sakafuni, akamshika mabega.

Saa zile zilizofuata Bibiana hakuzisahau. Alisimama kizingitini akitazama kifua cha yule mtu kikipanda na kushuka. Kila kiliposhuka aliogopa hakitapanda. Hakuweza kuomba. Alijaribu, akaona anamwomba Mungu amponye mtu ili yeye asiwe muuaji, akaona aibu, akaacha. Akabaki kuhesabu pumzi tu. Karibu saa nane Bonifas alikohoa, akafungua macho, akatapika juu ya mkono wa koti la Melkizedek. Melkizedek hakuuondoa mkono. Aliendelea kumshikilia kichwa, akimwambia, "Taratibu, baba. Taratibu."

Daktari alikuja, akammulika macho, akamuuliza jina lake na siku ya leo. Bonifas alijua jina, siku akakosea. "Ni dalili nzuri," daktari akasema, "lakini sitamruhusu kutoka leo wala kesho. Kichwa si kitu cha kukimbilia." Mkewe alikuwa ameshapigiwa simu, angetoka Kilosa kesho alfajiri.

Walifika ukumbini saa kumi. Chakula kilikuwa kimeshaliwa, mshereheshaji alikuwa anajitahidi kuchekesha watu, na viti viwili vya wazazi wa bibi harusi vilikuwa vitupu mbele ya watu wote. Lightness alikuwa amekaa wima, poda imekatika mashavuni kwa mistari miwili. Melkizedek alipita katikati ya ukumbi na koti lililochafuka, watu wakinyamaza anapopita, akaenda mpaka mezani kwa binti yake, akainama.

"Sikukukimbia," akasema. "Kulikuwa na mgonjwa. Mama yako atakueleza, lakini si leo."

Lightness akamshika shingo kwa mikono yote miwili, akakataa kumwachia.

Melkizedek alipoweza kusimama wima alimgeukia Yared. "Mkwe, nimechelewa. Ninachokiamini sijakibadili, usije ukadhani. Lakini kama kuna mpigaji hapa, apige. Nitakaa kwenye kiti changu."

Yared akatazama huku na huku. "Hakuna wa kupiga," akasema. "Tulikubaliana pasiwe na wa kupiga."

Bibiana aliposikia hilo alitaka ardhi immeze. Alimtafuta Scholastica, akamkuta nyuma ya ukumbi amekaa juu ya kreti la soda, amevua viatu. Akamweleza. Scholastica hakulia wala hakutukana. Alimtazama tu, uso ule mchangamfu ukiwa umezimika.

"Ulitumia simu yangu," akasema. "Mimi nikikuchomea maandazi." Akavaa viatu, akaondoka. Hakumsemesha tena siku ile.

Hawakurudi Zombo. Jumapili asubuhi, saa ambayo waumini wao walikuwa wanakaa kwenye mabenchi wakimsubiri, Melkizedek alimpigia mzee wa kanisa, akamwambia ibada waiongoze wenyewe, na kwamba Jumapili ijayo yeye na mkewe wana jambo la kusema mbele ya wote. Hakusema ni jambo gani. Bibiana, aliyekuwa anamsikiliza akiwa amesimama mlangoni, alihisi woga ukimrudia. Wale thelathini, wote. Akaona haya kuuliza. Kisha akauliza.

"Utasema nini?"

"La kwako utasema mwenyewe," Melkizedek akajibu. Akafunga kamba za viatu polepole. "La kwangu bado nalitafuta."

Wakaenda hospitali kwa miguu. Wodini, karibu na kitanda cha Bonifas, alikuwa ameshafika mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani, bado na vumbi la safari miguuni. Aliitwa Agatha. Bonifas alikuwa ameamka, lakini mwanga ulimuumiza, akawa amefunika macho kwa kiganja.

Bibiana alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yote yalipotea. "Shikamoo dada" yalimtoka kwa mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, na Agatha akashangaa.

"Mimi ndiye niliyewatuma Ruhembe," Bibiana akasema. "Niliwadanganya. Mume wako yuko hapa kwa sababu yangu."

Agatha akamtazama Bibiana, akamtazama Melkizedek aliyekuwa amesimama nyuma na kofia mkononi, kisha akamtazama mumewe. Nje gari la kubeba maji lilikuwa linarudi nyuma likilia. Bibiana aliona mikono ya Agatha ikikunjana, akajua sasa litakuja, tusi au kofi, akalisubiri bila kurudi nyuma.

"Thadeo ameshaniambia," Agatha akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa kavu. "Sina la kukuambia leo. Nimesafiri tangu saa kumi na moja." Akavuta pembe ya shuka. "Hii imelowa. Wameniambia shingo isitingishwe. Njoo umshike huku."

Bibiana akasogea. Akapitisha mikono yake chini ya mabega ya Bonifas, kama alivyoona mumewe akifanya jana, na mtu yule mzito akamwachia uzito wake wote. Aliogopa kumwangusha, aliogopa kumwumiza, aliogopa macho ya Agatha.

"Mwinue kidogo," Agatha akasema. "Hapo hapo. Usimwachie."

"Simwachii."

Agatha akaichomoa shuka chini yake, akaanza kutandika nyingine.